Kiguu na Njia: Nenda Mpaka Mwisho wa Gari

Toleo lililopita nilichomeka mistari mitatu huku chini kabisa ya safu, nikasema kama wikiendi huna cha kufanya panda daladala ambayo hujawahi kuipanda, nenda mpaka mwisho wa gari, shuka, angalia kuna nini, rudi. Basi. Nilijua hakuna atakayesoma maana ilikaa chini ya tangazo la godoro. Kumbe mmesoma, na wengine mmenikasirikia kabisa. Barua ndo hizi, nimezifupisha kidogo pale mlipoanza kunisalimia mpaka na bibi yangu.

SWALI: Anko Kiguu shikamoo. Mi nina miaka 34, nakaa Tabata, naandika mahesabu kwenye duka la jumla Kariakoo. Kila siku ni Tabata Kariakoo, Kariakoo Tabata, Jumapili nafua. Nikifungua simu mshkaji mmoja yuko Zanzibar, mwingine Serengeti na simba nyuma yake, mwingine Dubai. Mi nikishalipa kodi na kutuma nyumbani nabaki na kama elfu 30. Naona maisha yananipita hivi hivi. Mtu kama mimi anaweza kweli kupata hata kamsisimko kadogo au nisubiri mpaka nitajirike?
Mchovu wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Miaka 34 na Jumapili bado unafua mwenyewe, hilo tuliache, safu hii sio ya ndoa.

Nianze na huyo mwenye simba nyuma. Mi mbugani nimeshaenda, tulipelekwa na ofisi niliyokuwa nafanya kazi zamani, Mikumi, basi limejaa, soda na biskuti, tumezunguka toka asubuhi mpaka jua la utosi na simba tuliyemuona alikuwa ni mkia unatokeza kwenye nyasi. Wote tuna picha ya ule mkia. Sisemi mbuga mbaya, twiga walikuwepo wa kumwaga na nikipewa nafasi narudi hata kesho, ila kwenye lile basi kila kitu kilikuwa kimeshapangwa na mtu mwingine, saa ya kula, saa ya kushangaa, saa ya kwenda kujisaidia, nikarudi nimechoka kama nimetoka kwenye semina.

Sasa sikia hii. Miaka kama kumi na tatu iliyopita nilikuwa nakaa Vingunguti. Jumamosi moja natoka Posta saa saba mchana, nimepanda gari la Gongo la Mboto, nikabahatika siti ya dirishani, usingizi ukanipitia. Kuja kushtuka konda ananigonga bega, "Mzee, mwisho wa gari." Nje sipajui. Yani mi mtu wa Dar, nimezaliwa Ilala, Gongo la Mboto nilikuwa naisikia tu midomoni mwa makonda. Nikaanza kutafuta gari la kurudi, mara nasikia lingine linaita, "Pugu Kajiungeni, Pugu Kajiungeni, wawili tu!" Mfukoni nina elfu tatu na kitu, nyumbani hakuna anayenisubiri, nikasema ngoja tukamuone huyo Kajiungeni ni nani.

Nikashuka huko, nikauliza hii barabara inaenda wapi, nikaambiwa Kisarawe. Nikatembea. Barabara ikaanza kupanda, na we ukishazoea Dar unasahau kabisa kama duniani kuna mlima, miguu yenyewe inashangaa, alafu hewa ikabadilika, ikawa ina ubaridi fulani na harufu ya majani mabichi, na msitu ukaja. Msitu wa kweli. Huo ndo msitu wa Pugu na mwenzie Kazimzumbwi yuko hapohapo jirani, ni mabaki ya misitu ya zamani ya pwani, na humo ndani kuna mimea ambayo haipatikani kwingine popote duniani. Na uko mwendo wa daladala mbili kutoka Posta!

Njiani nikamkuta mzee mmoja anasukuma baiskeli ina viroba viwili vya mihogo, mlima umemshinda, nikashika nyuma tukawa tunasukuma wote. Ndo akaanza stori. Akanionyesha upande wa shule ya Pugu, akasema pale ndipo alipokuwa anafundisha Mwalimu. Hilo nilikuwa nalijua, wote tumelikariri shuleni, Nyerere alirudi kutoka Edinburgh 1952 akaenda kufundisha Mtakatifu Fransisi Pugu, 1954 TANU ikazaliwa, 1955 akaacha ualimu. Nililijua la kujibia mtihani tu. Mzee akasema, "Alikuwa anaikata hii njia kwa miguu mpaka mjini kwenye vikao, alafu anarudi." Ni kilomita 20 na ushee. Nikaangalia ile barabara inavyoteremka kuelekea mjini, na mi nimekuja na magari mawili na bado natweta, nikanyamaza kimya.

Jioni akaniambia usiondoke hujaona popo. Kuna machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo, na kuna mapango. Tukasimama nje, jua linazama. Akatoka popo mmoja. Kimya. Wakatoka kama watatu. Alafu ikawa kama mtu kafungua mdomo wa gunia akalikung'uta, wanamiminika juu ya vichwa vyetu, unasikia kaupepo ka mabawa kwenye masikio, na harufu, mh, harufu ile sitaisema maana wengine mnasoma mnakula. Nimefika nyumbani saa tatu usiku viatu vyeupe pe kama nimekanyaga unga. Jirani ananiuliza ulikuwa wapi, namwambia Pugu, anasema kumbe ulienda mnadani, umeleta mbuzi?

Toka siku ile nikajua ugonjwa wangu. Nilikuwa nimekaa miaka na miaka ambayo kila siku najua dakika kumi zijazo kuna nini. Ndo hicho tu. Na dawa yake haiko Dubai, huko Dubai mwenzio anajua kabisa saa nne ni jengo refu na saa nane ni duka la dhahabu.

(Ukitaka kwenda Pugu usifuate nilivyofanya mimi. Siku hizi msitu uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, unaingia kwa utaratibu, unalipa kiingilio, unapata mtu wa kukuongoza. Na mapango usiingie kichwa kichwa, angalia kwa nje.)

Sasa elfu 30 zako. Treni ya SGR kwenda Morogoro ilianza Juni 2024 na nauli ya daraja la kawaida ilianzia Sh 13,000, kwaiyo kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni 26,000, unabakiwa na elfu nne ya ndizi na maji ukiwa unaangalia Uluguru. Inawezekana. Lakini mi ningekuanzisha na kitu cha hela ndogo zaidi.

We kazi yako iko Kariakoo, toka hapo mpaka Feri ni nusu saa na kitu kwa mguu. Siku moja, siku ya kazi kabisa, toka Tabata alfajiri uwe soko la samaki saa kumi na mbili na nusu. Usiende kununua, enda kusimama. Utakuta duara la watu, katikati samaki wamemwagwa, kolekole, changu, pono, siku nyingine taa mkubwa kama meza ya chakula, na dalali anapandisha bei haraka kuliko unavyoweza kufuata, alafu ghafla ananyamaza na samaki ameshauzwa. Kwa nani? Hujaona mtu kafungua mdomo. Mi ilinichukua asubuhi tatu kugundua wanunuzi wengine wanajibu kwa nyusi. Chunguza hilo, mtu wa mahesabu litakufaa. Alafu vuka na pantoni mpaka Kigamboni, simama juu, usikae ndani na simu, kunywa chai ya rangi na vitumbua upande wa pili, vuka urudi. Saa mbili na nusu uko dukani unafungua vitabu na una harufu ya samaki na hakuna anayejua kwanini unacheka.

Na nguo fua Jumamosi.

SWALI: Anko habari za kazi. Nina watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 5, tunakaa Tegeta. Likizo ikifika ni simu na katuni mpaka macho yanakuwa mekundu. Baba yao nikimwambia tuwatoe anasema mambo ya matembezi ni ya Wazungu na wenye magari, sisi gari hatuna. Bahari iko palepale lakini nikiwapeleka kwenye zile hoteli, kiingilio na chipsi kuku hela ya wiki imeisha. Nifanyeje?
Mama Watatu

JIBU: Nzuri dada yangu, shemeji msalimie. Mwambie anko hajakasirika.

Kosa ni moja tu, mnaenda baharini wakati bahari ipo. Nendeni wakati imeondoka.

Unajua maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Lakini siku za bamvua, yani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanaondoka mbali kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita tatu, hiyo ni kutoka sakafuni mpaka dari ya sebule yako na zaidi. Na Mungu katupendelea watu wa Dar, siku hizo za bamvua maji yanakauka sana kwenye saa nne mpaka saa tano asubuhi, wala huhitaji kumuamsha mtu usiku. Kila siku inayofuata saa inasogea mbele kama dakika 50, kwaiyo ukikosa leo kesho utahesabu. Siku za maji mafu, yani mwezi ukiwa nusu, usiende, utakuta bahari imekaa katikati kama mgeni asiyejua aingie au atoke.

Huyo wa miaka 11 mpe kazi. Mwambie kila usiku atoke nje aangalie mwezi akupe ripoti. Hiyo peke yake inamtoa kwenye simu dakika tano, na mwezi ukishajaa yeye ndo anatangaza safari. Baba yake akibisha abishane na mwezi.

Kutoka Tegeta mnashuka mpaka ufukwe wa Kunduchi kwa wavuvi, upande ambao hakuna kiingilio, muulize mvuvi yeyote leo maji yanarudi saa ngapi na mjibu asante vizuri maana hilo jibu ndo usalama wenu. Wavalishe watoto yeboyebo, peku hapana, kuna vile vidude vyeusi vyenye miiba mirefu kama sindano, ukikanyaga utaita majina yote. Alafu tembeeni taratibu kwenye vidimbwi. Utaona kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, utaona jongoo bahari amelala kama soksi iliyosahauliwa, utaona kina mama wenye vijiti wanachokonoa mapango ya pweza na wale macho yao sio macho yetu, wao wanaona pweza mahali ambapo we unaona jiwe, na ukisimama karibu kwa adabu wengi watakuonyesha.

Mwaka juzi nilimpeleka mpwa wangu, ana miaka sita. Akaokota kombe dogo la konokono, kuligeuza likatoa miguu. Kumbe ni wale kaa wadogo ambao hawana nyumba yao, wanaingia kwenye kombe la konokono aliyekufa, na wakikua wanahamia kubwa zaidi. Nikamueleza hivo. Akalirudisha chini taratibu, akalifikiria, akaniangalia. "Anko, kwaiyo amepanga?" Nikamwambia ndiyo. "Kodi anamlipa nani?"

Masharti yangu mawili. Jiwe ukiligeuza ulirudishe kama ulivyolikuta, maana chini yake kuna watu. La pili, maji yakianza kurudi na nyie mnarudi, palepale, hata kama mtoto kaona papa, kwasababu maji hayaji kwa mbele tu kama mnavyodhani, yanapita kwenye mikondo na kuwazunguka kwa nyuma, unakuja kugeuka pale ulipopita kwenye kifundo cha mguu sasa ni kiunoni.

Mkiwa na nguvu bado, hapohapo Kunduchi kuna magofu, msikiti wa zamani na makaburi yenye nguzo katikati ya mibuyu. Kwenye nguzo walikuwa wanapachika sahani na mabakuli ya Kichina kama mapambo, mwambie wa miaka nane atafute matundu ambayo sahani zilikaa. Nendeni kwa kundi na mchana, msiende wawili wawili.

Gharama yote ni nauli na maji ya kunywa, na viazi vya kuchemsha toka nyumbani. Chipsi kuku utawanunulia siku ya Idi.

SWALI: Shikamoo anko, mi ni binti wa miaka 21, nasoma chuo hapa Dar. Ile kitu yako ya mwisho wa gari nimeipenda sana lakini mama hataki, anasema mtoto wa kike kutembeatembea peke yake ni kujitafutia balaa. Mwaka wa pili huu najua hosteli, chuo na kituo cha daladala. Nimdanganye?
Njiwa wa Hosteli

JIBU: Marahaba. Usimdanganye, na mama yako hajakosea sana, mi mwenyewe nilipoandika ile mistari niliandika kama mwanaume wa makamo ambaye hakuna anayemuangalia mara mbili. Binti akishuka mwisho wa gari anaangaliwa mara kumi. Nakiri.

Kwaiyo we anza na saa badala ya umbali. Katikati ya mji Jumapili asubuhi saa moja sio mji unaoujua. Hakuna foleni, hakuna anayekuita dada njoo uone viatu. Nendeni wawili watatu, mwenye chaji ya kutosha mmoja awepo, na lokesheni mtumie mtu aliyebaki. Anzieni kwenye Sanamu ya Askari pale Samora. Ilisimamishwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita vya kwanza vya dunia, na kabla yake hapohapo kulikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, Waingereza walipoingia 1916 wakaing'oa. Mmeshapita pale mara mia. Sasa zunguka miguuni pake usome, maneno yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, alafu angalia singe ya bunduki inaelekea wapi, inaelekea bandarini.

Teremkeni mpaka barabara ya kando ya maji. Makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu yote mawili yalikamilika 1902, na Jumapili utakuta kwaya hii inaisha na ile inaanza, ukisimama katikati unazisikia zote mbili zinagombana kwa upendo. Mbele kidogo kuna Boma la Kale, la miaka ya 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid, kuta zake ni mawe ya matumbawe, weka kiganja ukutani utasikia yale matundu madogo. Kabla ya hapo huku kulikuwa ni Mzizima, kijiji tu cha wavuvi. Mkimaliza, Makumbusho ya Taifa haiko mbali, kitambulisho cha chuo usisahau, na mle mnaweza kusimama mbele ya habari za lile fuvu la zamadamu alilookota mtafiti Mary Leakey kule Olduvai 1959, la miaka zaidi ya milioni moja na nusu. Mdada mwenzenu anatembea tu porini na mbwa wake, macho yako chini, akaona mfupa.

Ila ushauri wangu wenyewe hasa ni huu, na ukiuona wa kizee sawa. Mwambie mama akutembeze yeye. Muulize alipofika Dar mara ya kwanza alishukia wapi, alilala kwa nani, alinunua wapi viatu vyake vya kwanza. Alafu mwambie nipeleke. Wiki moja atasema hana muda. Wiki ya pili atasema pale pamebadilika hapatambuliki. Wiki ya tatu utamkuta amevaa. Mi mama yangu nilimpeleka Mnazi Mmoja nikidhani namtoa out kama kijana mwema, akasimama chini ya mti mmoja, akaushika, akasema, "Hapa baba yako alinichelewesha masaa mawili, nikaondoka zangu." Na mi miaka yote nilijua walikutana kanisani.

SWALI: Kaka Kiguu, salamu kutoka Marangu. Nina miaka 47, nina duka hapa njiani wanakopita watalii. Nimezaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro na sijawahi kuupanda hata hatua moja. Watalii wananiuliza kileleni kukoje, najibu kuna baridi. Naona aibu. Nifanye nini, na hela ya kupanda mpaka juu sina?
Jirani wa Mlima

JIBU: Jirani, umenichekesha, na jibu lako ni sahihi, kuna baridi.

Aibu iache. Anayetajwa kumuongoza Mjerumani Hans Meyer kufika kileleni kwa mara ya kwanza mwaka 1889 ni mtu wa hapohapo kwenu, Yohani Kinyala Lauwo, kwaiyo Marangu deni hilo ilishalipa. Hakuna sheria inayosema lazima ufike mita 5,895. Pale getini Marangu unaweza kuingia kwa siku moja tu, ukatembea mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,720, ni kilomita nane hivi, masaa matatu kupanda, kwa mtu ambaye amekaa dukani miaka 20 tuseme manne. Ni msitu mtupu, mbega na kima juu ya vichwa, ndevu za miti zinaning'inia. Ukifika Mandara na pumzi bado ipo, dakika 15 mbele kuna kreta ya Maundi, ukisimama pale ukingoni ukatazama chini unatafuta bati la duka lako. Beba kitambulisho cha NIDA, bei ya Mtanzania na ya mgeni ni mbingu na ardhi.

Lakini kuna kitu kingine, na hiki mgeni hawezi kukununulia. Pale kihambani kwenu, kwenye shamba la nyumbani, kunapita mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee? Kama bado upo, hebu siku moja panda juu nao. Fuata maji kinyume, kihamba kwa kihamba, piga hodi, omba njia, uliza hapa zamu ni ya nani na banio liko wapi, endelea mpaka pale unapotoka mtoni. Ile mifongo wazee wenu waliichimba kabla Mjerumani hajafika, kwa kupima mteremko kwa macho tu na maji yenyewe, na ilikuwa na wenyewe na zamu na faini. Rafiki yangu mmoja wa Kibosho alifuata wa kwao, alidhani ni mwendo wa saa moja, ulimchukua siku nzima kwasababu kila kihamba anachopita anakaribishwa na anaulizwa we ni mtoto wa nani, na kwenye kihamba cha saba akaambiwa na bibi mmoja kwamba babu yake alishawahi kuiba maji usiku. Alirudi amejua kwanini familia mbili hazisalimiani. Sasa niambie, huko kileleni ungelipata wapi hilo?

SWALI: Wewe unayejiita Kiguu. Nilisoma ushauri wako nikapanda gari mpaka Mbagala Rangi Tatu. Sijakaa dakika kumi simu ikachomolewa, na hela zangu zote ziko kwenye simu, sina hata jero ya nauli. Nikaanza kutembea na Kilwa Road hiyo kuja kwa dada yangu Keko, jua kali. Pale Zakhem kiatu kikaachia soli. Fundi mmoja akanishonea bure baada ya kumsimulia, akanicheka lakini akashona. Kabla ya hapo, palepale Rangi Tatu, kuna mama anauza mihogo ya kukaanga aliniona natafuta simu kama kichaa, akanikalisha kwenye ndoo yake, akanipa mihogo na kachumbari na pilipili ya ukwaju, hela akakataa, akasema na yeye alishawahi kuibiwa kuku watano siku moja, akanisimulia alivyomkamata mwizi kwa kumsikiliza jogoo, stori ndefu siwezi kuimaliza hapa. Mtoni kwa Azizi Ali nikakuta harusi, matarumbeta, nikavutwa nikacheza na watu siwajui, nimepigwa na picha. Nimefika Keko magharibi, dada yangu ananiuliza umetoka wapi hivo. Naomba unilipe simu yangu.
Mwenye Hasira, Mwananyamala

JIBU: Ndugu yangu, pole sana, na pole ya kweli. Nilipaswa kuwaambia mapema, simu kwenye mfuko wa mbele na kidole juu yake, na buku mbili tatu za noti kwenye soksi, hilo mi nafanya siku zote mpaka nimesahau kama ni la kusema. Simu siwezi kukulipa, wahariri wenyewe wananidai.

Wasomaji wengine niwaambie tu kwamba barua ya huyu bwana ilikuwa kurasa tatu za daftari pande zote mbili, na simu imo kwenye mistari minne. Hayo mengine nimeyafupisha kwa uchungu, harusi peke yake ilikuwa ukurasa mzima, kamuelezea mpaka mpiga tarumbeta mwenye meno ya dhahabu.

Jumamosi hii sina ratiba. Huyo mama wa mihogo anakaa upande gani wa stendi, na jogoo ilikuwaje?